Kidani cha Malakiti cha Mama

Lubaga, Kampala
Jumapili, baada ya misa

Kwako kaka Kasereka,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi Benedicte na watoto wote, hasa bibi harusi wetu Olivia, ambaye najua siku hizi hakai chini. Natumaini mko wazima na ule mguu wako uliokuwa ukivimba umepoa. Sisi huku tunapumua. Mvua hainipi nafasi ya kuanika nguo, lakini cherehani inazunguka na wateja wanakuja. Mama anakula vizuri. Nimelitanguliza hilo la mama kwa sababu katika simu zako zote za mwezi huu hukuliuliza.

Usikunje uso, soma kwanza. Nimeamua kukuandikia kwa kalamu maana kwenye simu hatuelewani. Wewe unasema, mimi nasema, wewe unapandisha sauti, mimi nakata. Halafu unanitumia ujumbe wa sauti mrefu kuliko mahubiri ya padri, na mimi siwezi kubishana na mtu anayeongea peke yake. Barua haikatizwi. Pitshou anarudi Butembo na mzigo wake wa vitenge, na amekubali kukukabidhi hii mkononi.

Najua unachongoja kutoka kwa Pitshou si barua. Unangoja kidani cha mama, kile cha shanga za mawe ya kijani. Umeniagiza nikisafishe, nikifunge vizuri, nikitume, ili Olivia akivae siku ya kutoka nyumbani kwako. Nami sibishi kwamba ni haki yake. Mama alikivaa alipoolewa na baba, mimi nilikivaa nilipoolewa (jinsi ndoa ile ilivyokwisha ni habari nyingine), na sasa ni zamu ya mjukuu wa kwanza. Bila kidani watu wa Butembo watasema, na upande wa bwana harusi utataka kujua mali ya bibi imekwenda wapi. Yote hayo nayaelewa. Ila uliongeza neno moja, kwamba kisipofika utajua nimekiuza. Neno hilo limenikaa kooni kama mwiba wa samaki, na ndilo limenifanya nikueleze mambo yalivyokuwa tangu mwanzo.

Unakumbuka Likasi, siku za baba kwenye kiwanda cha shaba. Unakumbuka sinia za shaba alizokuwa nazo mama, na jinsi kila mkesha wa sikukuu alivyotukalisha uani na ndimu na chumvi, tusugue mpaka tuone meno yetu ndani ya sinia. Kidani hakikuingia kwenye kazi ile. Kidani alikishughulikia mwenyewe, kwa kipande laini cha kitenge kilichochakaa, kikavu kabisa, shanga moja baada ya nyingine. Siku niliyokishika na mikono yenye maji alinichapa vidole. Alikuwa akisema malakiti ni jiwe lenye kiu, linakunywa chochote unachoweka juu yake. Akimaliza anakitia kwenye kifuko chake cha pamba, peke yake, mbali na pete, ili kisikwaruzwe. Maelekezo machache ya kweli ambayo umekuwa ukinitumia kwenye simu, mama aliyajua kabla hujazaliwa, na mimi niliyajua kabla hujanunua simu.

Sasa, kaka, mwanamke yule yule aliyenichapa vidole, siku moja mwaka jana nilirudi kutoka kupeleka sare za shule nikamkuta ameinamia beseni, mikono ya gauni ameikunja hadi kwenye viwiko, kidani kimo ndani ya maji ya ndimu na chumvi, naye anakisugua kwa brashi ya nguo. Maji yalikuwa yamegeuka rangi, kijani inayoelekea buluu, na kwenye zile shanga palikuwa na mapovu madogo madogo. Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Mama aliinua uso akanitazama kwa utulivu, akaniuliza mimi ni mfanyakazi wa nani.

Nilikupigia siku hiyo hiyo. Ulisema ni uzee, sote tunaelekea huko. Ukanikumbusha nikiweke kidani mahali salama.

Kilichotokea, kwa ninavyoelewa mimi, ni kwamba kichwani mwa mama sinia na kidani vimebadilishana nafasi. Nilipojaribu kumweleza alinijibu kwa hoja. Alisema malakiti ni mtoto wa shaba, hutolewa ardhi moja na shaba, na shaba huoshwa kwa ndimu, jambo ambalo kila mtoto wa Likasi analijua, labda kama mimi nimekulia kwingine. Utabishana vipi na maneno hayo? Nusu yake ni kweli. Mtu wa mahali pengine asingefanya kosa hilo hata akizeeka vipi, kwa sababu asingejua jiwe hilo lina uhusiano gani na sinia.

Nilikipeleka mjini kwa Habibah, mwanamke mwenye duka la vito ambaye nilimshonea magauni ya binti zake. Habibah alikiinua kwenye taa, akakinusa, akaniuliza nani katika familia yetu anamchukia mwenzake. Kisha akanifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Jiwe hili ni laini, alisema, na kitu chochote kikali kinalila: ndimu, siki, sabuni ya kufulia, dawa ya meno, hata manukato. Maji ya moto hapana. Kitambaa laini chenye unyevu kidogo, kisha kikavu papo hapo, basi. Kuhifadhi, kifuko cha kitambaa, si mfuko wa plastiki, na si pamoja na jiwe gumu zaidi. Alikipaka nta, akabadilisha uzi uliokuwa umeoza, akafunga fundo kati ya shanga na shanga. Kilirudi karibu kama zamani. Ile picha uliyoisifu, ukasema kumbe ukitaka unaweza, ilikuwa kazi ya Habibah.

Baada ya hapo ndipo mlipogeuka wataalamu. Wewe ukaniambia dawa ya meno. Wifi Benedicte akasema magadi ya kuokea na maji ya moto. Mtu mwingine wa upande wa wifi, ambaye hata simjui, akatuma video ya kuchemsha vito kwenye sufuria. Nilipowajibu kwamba mwenye duka amekataza vyote hivyo, ukasema mimi sisikilizi watu tangu utotoni. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kaka. Wewe unalala Butembo, na kunguni wanakula watu wa Lubaga.

Kwa kuwa mama alirudia beseni lake, nikaanza kukificha. Nilikiweka chini ya unga wa mahindi ndani ya debe, mama akakipata. Nilikiweka kwenye gunia la mabaki ya vitambaa, akakipata. Nilikifunga kwenye sanduku la cherehani na ufunguo nikauvaa shingoni, akafungua kwa kijiko. Mwanamke huyu hapati mlango wa choo ulio mbele ya macho yake, lazima nimshike mkono, lakini kidani anakinusa popote kilipo. Ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine.

Mwishowe nilikipeleka kwa jirani yetu Filda. Huyu ni mwanamke wa Kitgum, mumewe Okeny ni polisi, na Kiswahili chake ni kile cha kambi za polisi, lakini moyo wake ni mzuri na nilimwamini. Kumbe mama alivaa kitenge chake cha kanisani, akabisha hodi kwa Filda kama mgeni wa heshima, akamshukuru kwa kumtunzia mali yake, akaiomba. Filda akampa, tena kwa mikono miwili. Nilipomgombeza alinijibu bila haraka, akiniita Juliana kama kawaida yake: “Wacha yeye, Juliana. Mutu muzee nafanya kazi yake, roho yake natulia.” Nilimnunia Filda. Nilikuwa nikimpita mlangoni bila salamu, mimi ambaye chumvi naazima kwake.

Basi nikasema kama kidani hakifichiki, nitaondoa ndimu. Nilipiga marufuku ndimu nyumbani. Nilimwonya Filda. Nilimwonya mwenye kibanda cha hapa chini, anayeleta bidhaa zake kutoka soko la Kalerwe, kwamba mama akija asimpe hata moja ya bure. Nilidhani nimeshinda.

Sikiliza kilichofuata, maana hiki sikukueleza kwenye simu. Mama alipokosa kazi yake alianza kutembea. Anainuka, anafungua mlango, anashuka. Siku moja kijana wa bodaboda alimrudisha kutoka upande wa Ndeeba, alikuwa akiwauliza watu njia ya Likasi kwa miguu. Akirudi analia, kilio kisicho na maneno, na mimi nimekaa na gauni la mteja mapajani siwezi kushona wala kuliacha. Chakula changu akakikataa. Alimwambia Filda kwamba nyumbani kwake ameingia mwanamke mgeni, fundi wa nguo, mwizi, na kwamba binti yake akirudi atamfukuza. Binti yake ni mimi, kaka. Mwanamke huyo pia ni mimi. Namwogesha, namchana nywele, nambeba mgongoni kwenda zahanati, naye ananiita yule mwanamke. Kisha simu inalia, ni wewe, nawe unaniuliza kama nimeuza kidani. Mwizi ndani, mwizi nje. Nilichoka hadi nikawa namchukia kila mtu, na wewe nilikuchukia zaidi, nakuambia wazi.

Mwezi uliopita uliomba kukiona kwenye video. Ulikiona kimepauka, kimeingia weupe kama mguu usiopakwa mafuta, na uliniuliza kwa ukali ni nani anayempa mama ndimu. Nikakata simu. Tangu hapo umemshuku Filda, umemshuku mwenye kibanda, na wifi amesema huenda ninawaachia watu wa mtaani waingie wanavyotaka. Waacheni watu hao. Filda hajampa mama hata ganda.

Ndimu nampa mimi.

Nanunua mimi, nazileta kwenye mfuko pamoja na nyanya, nazikata mwenyewe kwa kisu, naweka chumvi pembeni ya beseni, kisha natoa kidani kwenye kifuko chake cha pamba na kukitia ndani. Usitupe barua, maliza kusoma.

Ilianza siku ya mvua kubwa. Mama hakuwa amegusa chakula, alikuwa amekaa sakafuni ameuegemea mlango ili nisipite, na analia. Nilijisemea bora jiwe liumwe kuliko huyu. Nilivaa viatu, nikashuka kibandani, nikarudi na ndimu. Nilipoweka beseni mbele yake alinyamaza. Alikunja mikono ya gauni. Akaanza kusugua taratibu, na harufu ya ndimu ikajaa chumbani. Halafu, bila kuinua kichwa, akasema, “Masika, leta kitambaa.”

Nilibaki nimesimama. Kaka, sikuwa nimesikia jina langu kutoka kinywani mwake tangu kabla ya Krismasi. Akarudia kwa hasira, ile hasira yake ya zamani unayoijua, “Masika, huoni maji yanamwagika?” Nikaleta kitambaa. Nikapiga magoti upande wa pili wa beseni kama zamani uani, akanikosoa ninavyoshika, akasema chumvi nimeweka nyingi, akanisimulia habari ya jirani wa Likasi aliyeazima sinia asirudishe. Akaniuliza kama Kasereka ametoka shule na kama amekula. Nikamwambia ametoka, amekula. Akasema nikuwekee nyama, maana wewe usipowekewa unanuna. Nililia nikiwa nimeinamisha kichwa, na yeye akadhani ni ndimu imeniingia machoni.

Kidani kiliposuuzwa na kukaushwa alifuta mikono, akanitazama kwa adabu, akaniuliza mwenye nyumba anarudi saa ngapi.

Usidhani sikujaribu njia nyingine. Nilimpa maji matupu, akasugua kimya bila kunitambua. Nilimtafutia sinia ya shaba, akaisukuma pembeni akasema si yake. Nilinunua shanga za kioo za kijani, akazipima kiganjani akazitupa chini ya kitanda, maana uzito wa jiwe anaujua. Ni kile kidani, na ni ndimu, na hapo tu ndipo ninapokuwa mtoto wake. Siku nyingine haifanyi kazi hata hivyo, na siku hizo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu jiwe limeliwa na mimi sikuitwa.

Najua ninachofanya. Maji yale ya kijani ninayomwaga nje ni kidani chenyewe. Nilirudi kwa Habibah nikamweleza ukweli, naye akasema hatakigusa tena, kwamba kukirudishia mng'ao ni mpaka kisuguliwe upya kwa mashine na shanga zitabaki kama mbegu za mpapai. Aliniambia tu nisimwache mama alambe vidole, maana maji yale ni sumu, nimnawishe kwa sabuni akimaliza. Namnawisha. Kwa hiyo sikukiuza, kaka. Ninakitumia. Ninakitumia kidogo kidogo, makusudi, na akili zangu ni timamu, ili mama aniite. Ukitaka kuniita mwizi baada ya kusoma haya, niite, nitaitika.

Kidani sitampa Pitshou. Kwanza, kwa jinsi kilivyo, ukimvika Olivia wageni watauliza kama umekiokota. Pili, siwezi, hata kingekuwa bado kinang'aa. Mwambie Olivia shangazi yake anamwomba radhi, na kwamba nimemshonea gauni la kubadilisha jioni, Pitshou analo, mabega yakimbana aniambie. Kama bado anataka kidani cha bibi yake, mlete hapa kabla ya harusi. Akae nasi kwenye beseni. Mama akimaliza kukisuuza huwa anakiinua kutafuta shingo ya kukijaribia, na hadi leo ni yangu tu iliyo karibu. Lakini msikawie, shanga za karibu na kifungo zimeshakonda. Nawe njoo. Usiniambie habari ya barabara, Pitshou anapita barabara hiyo hiyo na vitenge. Na tafadhali usinitumie tena maelekezo ya kusafisha vito, kwa maana nikipokea moja zaidi nitaitumbukiza simu ndani ya beseni.

Nisalimie wifi, mwambie sina kinyongo naye ila magadi yake sitaki. Nisalimie majirani wa zamani na wale wote wanaotukumbuka. Filda anakusalimu ingawa hakujui. Tumepatana, nilimpelekea ndimu zilizobaki akacheka mpaka akakaa chini.

Hapa mwishoni desturi inanitaka niandike kwamba mama naye anawasalimu. Hakuwasalimu, na sitakutungia. Leo asubuhi nilimwambia nitamwandikia Kasereka barua, akafikiri, akaniuliza huyo Kasereka ni wa kwetu au ni wa wenyewe. Nikamwambia ni wa kwetu.

Ni mimi mdogo wako,

Masika Julienne